Mchezaji Asiyekosa

Mpaka anatimiza miaka thelathini, Mlingoti alikuwa mtu mwenye raha zake. Alikuwa mrefu kupita milango ya nyumba nyingi, alilipwa mshahara kwa kucheza mpira wa kikapu, na alikuwa na mke aliyemcheka pale tu ilipostahili. Jina hilo la Mlingoti alipewa shuleni, mwaka aliporefuka ghafla mpaka mama yake, aliyekuwa mpiga pasi katika hoteli moja, akawa anaunga vitambaa chini ya suruali zake kila muhula. Walimu waliutazama urefu ule wakaona ni hasara kuuacha ukae dawatini bure. Wakampa mpira.

Hakuwa mchezaji mkubwa. Hili lisemwe mapema, maana baadaye watu walisema mengine. Alikuwa mchezaji wa kawaida mwenye mkono usioogopa. Akipata mpira, anatupa. Akiwa peke yake anatupa, akiwa amezingirwa na watu watatu anatupa, na kocha akimpigia kelele asitupe, kelele zinamkuta mpira tayari uko hewani. Kikiingia kikapu kimoja katika vitatu, alirudi nyumbani akipiga mluzi. Vile viwili vilivyokosa alivisahau kabla hajamaliza kuoga, na mashabiki nao walivisahau, kwa sababu siku zile mtupo uliokosa ulikufa palepale, bila mtu kuufuatilia.

Timu yao ilikuwa mali ya mfanyabiashara wa magodoro, na jezi zao zilikuwa na picha ya godoro mgongoni. Mashabiki wa wapinzani hawakuhitaji kutunga matusi. Godoro, kama timu ilivyoitwa, wakianza kuachwa nyuma, hata kama ni robo ya pili tu, uwanja mzima uliwatakia usingizi mwema.

Ndipo wakubwa wa ligi walipopata wazo. Walikuwa wamekwenda ng'ambo kwenye semina, wakarudi na masanduku mazito na hilo wazo. Walitaka kila mchezaji apimwe kwa takwimu, apewe alama moja, apangwe kwenye orodha, ili wenye timu wajue wanalipia nini. Kazi wakampa bwana mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa akikadiria bima za magari. Huyu alikuwa na uwezo wa kukwambia dereva gani atagonga mti kabla dereva mwenyewe hajanunua gari. Wachezaji walimpachika jina la Bwana Desimali, kwa kuwa hakuwahi kutaja asilimia isiyo na nukta. Ukimuuliza hali yake, walisema, atajibu nzuri kwa asilimia themanini na mbili nukta nne.

Haki ya mtu apewe. Bwana Desimali hakuwa mjinga wala tapeli. Katika ripoti aliyowapelekea wakubwa aliandika wazi kwamba kipimo chake kina mapungufu mengi na kisitumiwe peke yake. Aliyaandika hayo karibu na mwisho, kwa herufi ndogo. Wakubwa walisoma ukurasa wa kwanza, uliokuwa na rangi.

Orodha ikawa inatoka kila Jumatatu mchana. Ya kwanza ilimkuta Mlingoti kwa kinyozi, shingo imefungwa kitambaa, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Kinyozi alisimamisha mashine akatazama simu yake kwa muda.

"Kaka, wewe ni wa sitini na tatu."

"Kati ya wangapi?"

"Sitini na nane."

Mlingoti akatabasamu kwenye kioo kama mtu aliyesikia habari za mwingine. "Hebu angalia yule kijana wa timu ya reli. Yule aliyevunjika kifundo cha mguu."

Kinyozi alipandisha kidole, akapandisha tena, akazidi kupandisha. "Huyu wa tisa."

Kijana wa reli alikuwa amecheza dakika nne msimu mzima. Katika dakika hizo alitupa mara mbili, zote zikaingia, kisha akavunjika. Tangu siku hiyo alikuwa amelala kwao, mguu juu ya mto, na alama yake haikushuka hata chembe, kwa kuwa mtu aliyelala hakosi kikapu.

Nyumbani mkewe alimkuta amekaa mezani mbele ya chai iliyopoa. Mkewe alikuwa fundi wa miwani. Kutwa nzima alikuwa kwenye chumba cha nyuma cha duka, akisaga vioo mpaka vikae sawa na macho ya watu, na alirudi jioni na vumbi jeupe kwenye nyusi.

"Jana ulikuwa wa ngapi?" akamuuliza baada ya kusikiliza yote.

"Jana hapakuwa na orodha."

"Basi wewe ni yuleyule wa jana. Kunywa chai."

Lilikuwa neno la busara, na kama Mlingoti angelishika, habari yake ingeishia hapo. Lakini namba ilikuwa imekwisha kumwingia. Mtu anaweza kuambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba anatupa ovyo, akacheka. Mwandikie sitini na tatu, hacheki. Alianza kuona sitini na tatu kwenye milango ya nyumba, kwenye risiti, kwenye mgongo wa jezi ya mtu asiyemjua. Mwisho wa wiki alipiga moyo konde akaenda kwenye ofisi za ligi kumwona Bwana Desimali.

Alimkuta katika chumba kidogo chenye kompyuta mbili na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo. Juu ya kabati palikuwa na mpira wa kikapu, ungali ndani ya wavu wake wa dukani.

"Karibu, sitini na tatu," alisema Bwana Desimali, bila ubaya wowote. Ndivyo alivyowajua.

Mlingoti alikaa, magoti yakamfika kifuani. "Mzee, nimekuja kuelewa. Hii alama inapatikanaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Bwana Desimali swali hilo. Alisogeza kiti, akafuta miwani, uso ukamchangamka. "Mashine haikujui wewe, bwana. Haijui urefu wako wala jina la mama yako. Inajua matukio. Kikapu ni tukio zuri. Pasi inayozaa kikapu ni tukio zuri. Kudaka mpira uliogonga chuma cha kikapu, zuri. Sasa, mtupo uliokosa, mpira uliopotea, faulo, hayo ni mabaya. Tunajumlisha, tunatoa, tunagawa kwa dakika ulizocheza."

"Na ulinzi?"

"Ulinzi upi?"

"Mtu anakuja na mpira. Mimi nasimama mbele yake. Anaogopa, anarudi alikotoka."

Bwana Desimali alifikiri. "Amerudi?"

"Amerudi."

"Basi hakuna kilichotokea."

"Na nikimpisha, akapita, akafunga?"

"Hicho ni kikapu chake. Kwako wewe hakuna kilichotokea."

Kiyoyozi kilidondosha matone kadhaa kwenye ndoo. Mlingoti alikuwa akitazama mikono yake, kama mtu aliyeambiwa kwamba muda wote huo alikuwa anakula kwa mpini wa kijiko.

"Kwa hiyo mtu asiyefanya kitu..."

"Hana kosa," alimalizia Bwana Desimali. Alisema kama mtu anayetaja kasoro ya gari lake mwenyewe. Mlingoti aliisikia kama habari njema.

Kuanzia mechi iliyofuata, mkono usioogopa ulitiwa mfukoni. Mlingoti hakutupa tena ila akiwa chini kabisa ya kikapu, bila mtu wa kumsumbua. Mpira ukimfikia mahali pengine popote, aliutoa upesi kama mtu aliyepokezwa sufuria ya moto bila kitambaa. Adui akija kwa kasi alimpisha kwa adabu, akajigeuza upande kama anayempisha mgeni mlangoni, maana kumgusa ni faulo na kumwacha si kitu. Mitupo huru ya wapinzani, ile ya adhabu ya faulo, ikigonga chuma na mpira kuanguka mahali ambapo wenzake wawili wanausubiri, yeye alipenya katikati yao akaudaka kwa mikono miwili na viwiko vimetanuka. Ulikuwa mpira wa timu yao kwa vyovyote. Sasa ulikuwa wake.

Lakini ustadi wake mkubwa ulikuwa ule wa saa. Timu ina sekunde ishirini na nne za kutupa. Zikiisha, mpira unakwenda kwa wapinzani. Sekunde zikikaribia kwisha lazima mtu mmoja atupe kwa bahati nasibu, na mtupo huo mara nyingi hukosa, na kosa huandikwa kwa jina la aliyetupa. Mlingoti alijifunza kuunusa wakati huo. Zikibaki mbili, mpira ulikuwa haupo kwake. Ulikuwa kwa Nyundo.

Nyundo alikuwa nahodha. Mtu mpana, mpole, mwenye mabega ya kubebea makabati, ambaye kazi yake uwanjani ilikuwa kusimama kama ukuta ili wenzake wapite, na kugongana na watu wasiogongeka. Kazi hiyo haikuwamo kwenye orodha. Kilichokuwamo ni mitupo aliyokuwa akitupa kwa kupaparika, king'ora kikikaribia kulia, baada ya kurushiwa mpira na Mlingoti. Jumatatu baada ya Jumatatu Mlingoti akapanda na Nyundo akashuka, mmoja akiwa wa ishirini na mwingine wa hamsini, kama ndoo mbili za kamba moja.

Sifa zikaanza. Bwana Desimali aliitwa kwenye televisheni aeleze orodha, akasema kuna mchezaji mmoja aliyebadilika kwa namna isiyo ya kawaida, na akalitaja jina la Mlingoti. Mtangazaji akamwita mwalimu wa nidhamu. Duka moja la viatu likabandika picha yake dirishani akiwa amekumbatia mpira, na picha ilisema kweli, kwa kuwa hakuwa anautoa. Pale kwa kinyozi alinyolewa kwanza kabla ya waliotangulia. Kichwa kikavimba. Akaanza kusema "sisi wa kumi bora" akiwa bado wa kumi na nne.

Na kwa vile mtu hana miili miwili, mmoja wa uwanjani na mwingine wa nyumbani, mkewe naye akaanza kuziona pasi. Mwenye nyumba alitaka kupandisha kodi. Mlingoti alimwambia mkewe aongee naye. Dada yake alitaka kujua mama yao alazwe hospitali ipi. Mlingoti akamwambia dada achague, yeye atakubali lolote. Dada alichagua, hospitali ikawa mbali, na Mlingoti akasema kwa upole kwamba yeye asingechagua hiyo.

"Siku hizi hukosei," mkewe alimwambia wakiwa wanakunja nguo.

Aliipokea kama sifa. Mkewe alikunja shati lake refu, akaliweka juu ya mengine, akatoka chumbani.

Timu, kwa upande wake, ilikuwa inafungwa. Haikufungwa kwa aibu. Ilifungwa kwa pointi mbili, kwa pointi tatu, mechi ambazo mwaka uliopita ingezishinda. Siku moja baada ya kufungwa hivyo, katika chumba cha kubadilishia nguo kilichonuka dawa ya kuchua na soksi, Nyundo alikaa kwenye benchi mkabala na Mlingoti.

"Nataka kukuuliza kitu, na usinijibu kwa namba."

"Uliza, nahodha."

"Kwa nini kila saa ikibaki sekunde mbili mpira unanifikia mimi?"

"Wewe ndiye kiongozi."

"Leo umenirushia nikiwa nafunga kamba ya kiatu."

"Nilikuona uko wazi."

"Nilikuwa wazi kwa sababu nilikuwa nimeinama."

Wenzao walicheka, kisha wakaacha, kwa kuwa Nyundo hakuwa anacheka. Kocha alikuwa kwenye kona akilikanda goti lake bovu, goti alilolikanda kila alipotakiwa kusema neno. Wote wakamgeukia.

"Tucheze kama timu," alisema kocha.

Hiyo ndiyo sentensi aliyokuwa nayo. Mwenye magodoro alikuwa anampigia simu kila Jumatatu alasiri, orodha mkononi, na wiki hiyo alikuwa ameuliza kwa nini mchezaji wa hamsini na nane anacheza dakika nyingi kuliko mchezaji wa sita. Swali la tajiri si swali. Mechi iliyofuata Nyundo alianzia benchi, taulo shingoni, na Mlingoti akakabidhiwa unahodha. Kwa siku moja au mbili alijisikia vibaya. Kisha orodha ikatoka, naye alikuwa wa nne, na lile la Nyundo likasogea nyuma kidogo kichwani mwake.

Kwa kubahatisha na kwa kufungwa kwa wengine, Godoro waliponea chupuchupu wakafika mechi ya mwisho wakiwa na nafasi ya kuingia nusu fainali. Walitakiwa kushinda tu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Baba mkwe wa Mlingoti, fundi bomba mstaafu aliyekuwa hakosi mechi, alikaa safu ya tatu nyuma ya kikapu pamoja na binti yake.

Mechi ilikwenda bega kwa bega. Zikiwa zimebaki sekunde tano, Godoro walikuwa nyuma kwa pointi mbili, na mpinzani alikuwa kwenye mstari wa mitupo huru. Mtupo wake wa mwisho uligonga chuma. Mlingoti, kama kawaida yake, alipenya katikati ya wenzake akaudaka.

Akageuka. Mbele yake palikuwa peupe. Wenzake wote walikuwa wamekabwa au wako nyuma yake, na Nyundo alikuwa kwenye benchi amesimama, taulo mkononi. Hapakuwa na mtu wa kumrushia. Mlingoti alikimbia akiudunda mpira mara tatu, akafika mstari wa katikati ya uwanja, akasimama, akaunyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Mtupo kutoka pale ungekuwa wa pointi tatu, na pointi tatu zingetosha.

Zamani angekuwa amekwisha kutupa. Msimu mmoja alikuwa ameingiza miwili ya namna hiyo, na mikono yake ilikuwa inaikumbuka. Aliisikia ikitaka kwenda. Lakini kichwani alikuwa anahesabu. Alikuwa wa nne. Watatu waliokuwa juu yake walikuwa wamecheza vibaya wiki hiyo. Mtupo wa mbali namna ile hukosa mara nyingi kuliko kuingia, na kosa ni kosa, mashine haiulizi umetupa kutoka wapi. Kama hatatupa, hakuna kilichotokea. Hayo yote aliyafikiri katika sekunde mbili, na kwa hilo lazima asifiwe, maana kuna watu wanapewa maisha mazima na hawafikiri hesabu ndefu kiasi hicho.

King'ora kililia. Taa nyekundu ya kikapu ikawaka. Mlingoti akatupa.

Mpira ulikwenda juu karibu na taa za ukumbi, ukashuka taratibu, ukaingia bila kugusa chuma.

Watu waliruka. Waliokaa kwenye ngazi walikumbatiana, mwenye magodoro akambusu mtu asiyemfahamu, na kwa kitambo kidogo uwanja mzima ulimpenda Mlingoti kama haujawahi kumpenda mtu. Kisha mwamuzi alionekana katikati akipunga mikono: hapana, muda umekwisha. Kelele zikapungua. Kwenye skrini kubwa wakaonyesha tukio polepole, na kila mtu akaona taa nyekundu imewaka huku mpira ungali umetulia mikononi mwa Mlingoti, hana mtu mbele yake. Wakaonyesha tena. Mara ya tatu watu walikuwa hawautazami tena mpira. Walikuwa wanautazama uso wake. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri mlango wa lifti ufunguke.

Baba mkwe alimsubiri nje, karibu na gari lake la zamani lenye mabomba juu ya paa.

"Mwanangu, ulikuwa unangoja nini?"

"Muda ulikuwa umekwisha, baba."

"Ndiyo. Nilikuona ukiungoja uishe."

Mzee akafungua mlango wa gari. Aliwarudisha nyumbani, akazungumza na binti yake habari za tangi la maji linalovuja mtaa wa pili, na Mlingoti akakaa kiti cha nyuma, magoti masikioni. Kitu kimoja hakumwambia mtu kwa muda mrefu: pamoja na yote, mtupo ulikuwa mzuri, na alipouona unaingia alikuwa amefurahi.

Jumatatu orodha ilitoka. Alikuwa wa kwanza.

Mashabiki wa Godoro walilipaka tope dirisha la duka la viatu. Ligi, kwa upande wake, ilimwandalia sherehe na zawadi. Bwana Desimali alisoma hotuba akasema mshindi alikuwa na uangalifu wa asilimia tisini na moja nukta saba katika kuchagua mitupo, na kwamba katika nusu ya pili ya msimu hakuwa na hata mtupo mmoja wa kukurupuka. Watu waliovaa tai walipiga makofi. Nyundo hakualikwa. Mkataba wake ulikuwa umekatizwa wiki hiyohiyo, naye akaenda kufanya kazi kwenye gereji ya matairi ya kaka yake, mahali ambapo mabega yake yalionekana bila kipimo. Kocha pia alifukuzwa, kwa kufungwa.

Mlingoti alinunuliwa na timu ya benki, katika mji mwingine. Benki ni watu wa hesabu. Walikuwa wamekaa na orodha, wakaona hakuna haja ya kuwatazama wachezaji wakicheza wakati namba zipo, wakawanunua watano wa juu wote. Magazeti yakaandika kwamba ubingwa umekwisha, wengine wagombee nafasi ya pili.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa na adabu ya ajabu. Mpira alipewa wa kwanza, akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu. Wa tano alimrudishia Mlingoti kwa heshima. Sekunde ishirini na nne zikaisha. Kocha, kijana aliyeletwa na benki pamoja na kompyuta yake, alipuliza filimbi akawauliza kwa nini hakuna aliyetupa. Wakatazamana. Mlingoti aliwatambua papo hapo, kama mwizi anavyomtambua mwizi mwenzake dukani. Wote wanne walikuwa wamewahi kukaa kwenye kile kiti mbele ya Bwana Desimali, magoti kifuani.

Msimu ulianza na ilikuwa hivyohivyo mbele ya watu. Watano bora wa ligi waliurushiana mpira kama familia inayolazimishana kula nyama ya mwisho kwenye sahani. Muda uliisha, mpira ukaenda kwa wapinzani, na kosa la muda huandikwa kwa timu, si kwa mtu. Wapinzani walipokuja, walipishwa. Mashabiki wa benki, ambao wengi walikuwa wafanyakazi walioletwa kwa mabasi ya ofisi, walikaa kimya kwa mechi tatu. Ya nne wakaanza kuhesabu sekunde kwa sauti.

Mechi ya tano Mlingoti alijaribu. Hakujua kwa nini siku hiyo. Labda zile sauti zilizohesabu, labda alikuwa amechoka tu. Mpira ulimjia akiwa pembeni, mbali na kikapu, na akautupa. Haukugusa hata ubao. Ulipita chini ya wavu ukamgonga mpiga picha. Mashabiki walisimama wakampigia makofi ya dhati, makofi marefu, na mtu mmoja juu kabisa akapaza sauti, "Ahsante, baba." Mlingoti aliutazama mkono wake. Alikuwa ameutuliza muda mrefu mno, sasa ulikuwa hauamki. Hakutupa tena mechi ile.

Mwisho wa msimu benki walishika mkia. Meneja mkuu alimwita Bwana Desimali kwenye chumba cha mikutano, akamwonyesha msimamo wa ligi, akauliza inawezekanaje. Bwana Desimali aliutazama kwa makini.

"Wachezaji wako ni wazuri mno," alisema. "Takwimu zao hazina mfano. Tatizo lako liko kwenye matokeo tu."

Meneja alizoea kusikia maneno ya namna hiyo kwenye vikao vya benki, akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Mwaka huo Bwana Desimali aliongeza kipengele kipya kwenye kipimo chake, kinachohesabu timu inafanya nini mchezaji akiwa uwanjani, kisha akaipitisha misimu yote ya nyuma kwenye hesabu mpya. Msimu wa dhahabu wa Mlingoti ukatoka wa hamsini na tisa. Nyundo, aliyekuwa anaziba matairi, akatoka wa pili. Hakuna aliyempelekea habari. Hakuna pia aliyeidai ile zawadi irudishwe, kwa sababu wakubwa wa ligi walikuwa wameondoka kwenda semina nyingine.

Benki ikavunja timu, na Mlingoti akarudi nyumbani. Mkewe hakumfuata kule. Alikuwa amebaki na vioo vyake, akilipa kodi mpya aliyoijadili mwenyewe. Alimpokea vizuri tu, akampa orodha ya mambo yaliyosubiri uamuzi, akakataa kupokea pasi hata moja. Lile la mama yake kuhamishwa hospitali aliliamua Mlingoti mwenyewe, akakosea, akamhamisha tena. Dada yake alimsema siku mbili. Alivumilia.

Kazi alipata ofisi za ligi. Bwana Desimali alihitaji mtu aliyewahi kucheza, wa kuzunguka kwenye timu akiwaeleza wachezaji jinsi wanavyopimwa. Wakampa meza katika kile chumba cha kiyoyozi. Mlingoti anaifanya kazi hiyo vizuri. Vijana wanamsikiliza kwa heshima, wanauliza kipengele kipya kinahesabuje, na kipindi kikiisha huwa kuna mmoja anayebaki nyuma kufunga begi polepole mpaka wenzake watoke, kisha anauliza, hivi mtu akitaka kupanda haraka, afanyeje. Siku za mwanzo alijaribu kumwambia mmoja wao atupe tu. Kijana alimtazama kwa huruma. Siku hizi anajibu anachoulizwa.

Jumatatu iliyopita mkewe alimkuta mezani, chai mbele yake, orodha mpya imekwisha toka.

"Nani wa kwanza?"

Akamtajia. Kijana mwingine wa timu ya reli, mwepesi, mwangalifu sana.

"Na timu yake imeshinda?"

Mlingoti alishusha kikombe. Alisema hakuangalia.